Nani Aliyejua Kwanza? Maamuzi ya Pamoja katika Vituo vya Afya vya Bonde la Kilombero

Kabla ya Daraja la Magufuli kufunguliwa mwaka 2018, mama mjamzito aliyekwama katika uchungu upande wa Ulanga au Malinyi alilazimika kusubiri kivuko ili afike Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Mto ukifurika, kusubiri huko kuliweza kuchukua saa ambazo mtoto aliye tumboni hakuwa nazo. Daraja limeondoa kikwazo hicho. Halikuondoa umbali. Kutoka Mlimba hadi Ifakara ni zaidi ya kilomita 100, barabara ya masika haiaminiki, na treni ya TAZARA haiendeshwi kwa ratiba ya wagonjwa. Kwa hiyo maamuzi mengi hufanywa pale pale mgonjwa alipo, na watu watatu au wanne walio zamu usiku huo.

Ifakara ina historia ndefu ya kuwaandaa watu hao. Tangu mwaka 1961, kituo kilichoasisiwa kwa msaada wa Waswisi kimekuwa kikifundisha watumishi wa afya wa vijijini. Katika miaka ya karibuni, kozi za miezi mitatu zimewaandaa madaktari wasaidizi kufanya upasuaji wa uzazi katika vituo vya afya, na wauguzi kutoa dawa za usingizi na ganzi. Busara ya mpango huo ni kuwa ujuzi hizo mbili zilifundishwa kwa kutegemeana. Mpasuaji aliyebobea, lakini asiye na mtu wa kumlaza mgonjwa salama, hana la kufanya ila kuita gari.

Hata hivyo, ujuzi wa mikono ni nusu tu ya kazi. Chukulia mkunga anayeona, saa nane usiku, kwamba mstari wa njia ya uzazi katika patografu umevuka ule wa kuchukua hatua. Anampigia daktari simu na kusema, “Daktari, yule mama wa kitanda cha tatu bado.” Bado nini? Daktari aliyetoka usingizini anaweza kuelewa kwamba hakuna haraka. Mkunga mwingine angesema: “Ni mimi mkunga wa zamu. Mama wa mimba ya pili, njia imebaki sentimita 7 kwa saa nne, mapigo ya mtoto yameshuka hadi 100. Naona uchungu umekwama. Naomba uje sasa.” Mpangilio huo wa hali, historia, maoni na ombi ulianzia katika jeshi la majini la Marekani, kwenye nyambizi, kabla ya kuingia hospitalini. Sehemu inayosahaulika zaidi ni ya mwisho. Wengi hueleza tatizo vizuri kisha wasiombe chochote.

Kurudia agizo kwa sauti nako si kupoteza muda. Mama mwenye kifafa cha mimba huanzishiwa magnesiamu salfeti gramu 4 mshipani, taratibu, pamoja na gramu 10 msulini, yaani 5 katika kila tako; jumla yake ni 14. Katika simu inayokatikakatika, “nne” na “kumi na nne” hutofautiana kwa silabi chache tu, na tofauti hiyo ikiishia mshipani inaweza kusimamisha pumzi. Anayepokea agizo hurudia kiasi na njia ya kutolea: “Nne mshipani, tano na tano msulini.” Aliyeagiza hujibu, “Ndivyo.”

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya kigeni havilitaji. Daktari wa miaka 28 anapoingia wodini humwamkia muuguzi wa miaka 55, “Shikamoo mama,” naye hujibu, “Marahaba, daktari.” Dakika tano baadaye mwenye kupewa shikamoo ndiye anayepokea amri. Heshima hizo mbili zikigongana, mara nyingi mkubwa kwa umri hunyamaza, hata kama macho yake yameona dalili ambayo kijana hajaiona. Daktari mwenye busara huitumia shikamoo yake: “Mama, wewe unaonaje?” Swali hilo likiulizwa kila siku, hata wakati hakuna hatari, usiku wa hatari jibu huja lenyewe.

Orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 hutaka kila mmoja ajitambulishe kabla ya kisu. Katika kituo kidogo watu hucheka. Wanajuana hadi majina ya watoto wao. Lakini swali moja haliwezi kurukwa: nani atampokea mtoto? Anayetoa usingizi hawezi kumwacha mama, na mpasuaji ana mikono tumboni. Mtu huyo atajwe kwa jina, naye aandae mfuko wa kupulizia hewa mapema.

Mgonjwa na ndugu zake nao wamo katika timu. Muuguzi akisema “tunasubiri gari” huku daktari akisema “tunapasua,” mume na mama mkwe hupoteza imani, na ridhaa huchelewa. Mwenye kuridhia ni mama mwenyewe akiwa mtu mzima mwenye fahamu zake. Naye ana haki ya kuuliza kwa nini upasuaji, nini kitatokea wakisubiri, na nani anayeamua usiku huo. Kuuliza si utovu wa adabu.

Kifo kinapotokea, kikao cha mapitio huanza na faili: saa aliyofika, saa alipoonwa, saa gari lilipoitwa. Faili hazioneshi kila kitu. Ndiyo maana mwenyekiti mzoefu hufunga faili na kuuliza swali lisilotafuta wa kulaumiwa: nani aliyejua kwanza kwamba hali imebadilika, na alimwambia nani?