Siri ya bawa la karatasi

Wiki hii nataka tuzungumze habari za mchezo wa watoto, ingawa sisi wakubwa nasi tuna la kujifunza humo. Kila mtoto anaijua ndege ya kukunja ukurasa wa daftari. Lakini wapo vijana wanaotaka kuvuka hatua hiyo, waunde mfano wa zile ndege za zamani zenye mabawa mawili, moja juu ya jingine kama ghorofa. Wengi huanza vizuri, kisha hukwama kwenye mabawa. Bawa likilegea, huongeza karatasi. Likilegea tena, huongeza gundi. Mwisho hupata ndege nzito kama tofali, nayo hutupwa uvunguni.

Kosa lao ni kudhani kwamba nguvu ni unene. Nguvu ya bawa hutokana na umbo lake na jinsi lilivyofungwa.

Tuanze na karatasi yenyewe. Manila, kama ulivyo ubao, ina nyuzi zinazoelekea upande mmoja. Kata vipande viwili vyembamba vya urefu sawa, kimoja kwa urefu wa karatasi na kingine kwa upana. Shika kila kimoja kwenye ncha. Kinachoinama kidogo ndicho kilichofuata nyuzi. Basi nyuzi hizo zielekee urefu wa bawa, kutoka ncha hadi ncha.

Sasa kata kipande chenye urefu wa sentimeta 24 na upana wa sentimeta 10 na milimeta 2. Piga mstari kwa urefu, sentimeta 5 kutoka ukingo mmoja. Pitisha juu yake ncha ya kalamu iliyokwisha wino, halafu ukunje. Hapo ndipo ukingo wa mbele wa bawa. Upande mwembamba utakuwa chini, mpana utakuwa juu. Kwa ndani, juu ya ule upande wa chini, theluthi moja kutoka mbele, gundisha ukanda wa manila wenye upana wa sentimeta 1, uliokunjwa kwa urefu, nusu imelala na nusu imesimama. Huo ndio uti wa mgongo. Kisha kutanisha kingo za nyuma, uzigundishe, na uzibane kwa vibanio vya nguo mpaka zikauke.

Kwa kuwa upande wa juu umezidi wa chini kwa milimeta 2, utatuna wenyewe. Karatasi iliyokuwa ikining'inia sasa imekaza, na umeongeza ukanda mmoja tu. Mtuno huo una kazi nyingine: bawa linapokwenda mbele, huielekeza hewa chini, na hewa ikisukumwa chini, bawa nalo husukumwa juu.

Tengeneza bawa la pili kama hilo, uyasimamishe moja juu ya jingine kwa umbali wa sentimeta 5, yaani sawa na upana wa bawa. Yakikaribiana mno, hewa ya moja huivuruga ya jingine. Nguzo ziwe vijiti vya chelewa, viwili viwili, mbele na nyuma.

Hapo utaona jambo la ajabu. Sukuma bawa la juu kwa kidole: kitu kizima kinalala upande, nguzo zote pamoja. Umbo la pembe nne halina msimamo. Sasa funga uzi wa kushonea kutoka kona hadi kona, kisha uzi mwingine kwenye kona zilizobaki. Pembe nne imekuwa pembe tatu kadhaa, na haisogei tena. Uzi hauwezi kusukuma, huvuta tu. Ndiyo maana zinatakiwa mbili. Fundi anayepiga kenchi za paa anaijua siri hii siku zote.

Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, waliifuata njia hiyo hiyo. Mwaka 1899 Wilbur alikuwa katika duka lao la baiskeli, mkononi ana boksi la karatasi la mpira wa baiskeli. Akalipinda, akaona kwamba mabawa mawili yaliyofungwa pamoja yanaweza kupindwa nchani ili kuiongoza ndege, bila kuvunjika. Tarehe 17 Desemba 1903 ndege yao ya mbao, kitambaa na waya iliruka kwa sekunde 12. Miaka 12 baadaye, Julai 1915, ndege za mabawa mawili zilikuwa zikiruka kutoka kisiwa chetu cha Mafia, zikiwaelekeza wapiga mizinga wa Kiingereza dhidi ya manowari ya Kijerumani Königsberg katika delta ya Rufiji.

Kabla ya kurusha, itazame ndege yako kutoka nyuma. Kama bawa la kushoto limepindika kuliko la kulia, itajiviringisha na kuanguka. Legeza uzi upande mmoja, kaza wa pili, utazame tena.

Nanyi wazazi, mkimkuta kijana amekaa na mkasi na uzi, msimwambie aache upuuzi. Anajifunza kwa vidole vyake kwamba kitu dhaifu kikifungwa vizuri hubeba mzigo, na kwamba kipimo kikikosewa, maneno hayakirekebishi. Atakayejenga nyumba ya kukaa watu anahitaji kulijua hilo mapema, angali akikosea kinachoanguka ni karatasi.