Njia Haina Mwenyewe, Ramani Inaye

Vichochoro vya Kibera havina mwenyewe. Apitaye hupita, awe mchuuzi wa maji, mwanafunzi au mgeni aliyepotea. Lakini ramani ya vichochoro hivyo ina wenyewe, na hapo ndipo wengi wetu hujikwaa, walimu na wanafunzi tukiwa mstari wa mbele.

Hadi mwaka wa 2009, Kibera ilikuwa kama doa tupu katika ramani za intaneti. Mwaka huo vijana wa vijiji vyake walishika vifaa vya kupokea mawimbi ya setilaiti, wakatembea kwa miguu na kunakili mahali penye vyoo, zahanati, shule na mabomba ya maji. Kazi yao, iitwayo Map Kibera, iliingizwa katika OpenStreetMap, ramani ya dunia nzima ambayo huchorwa na watu wa kujitolea.

Sasa tuchukue mfano wa mwalimu wa Kawangware anayetaka kuchapisha ramani ya shule na zahanati za mtaa wake. Je, afungue ramani ya kampuni fulani, anakili alama zote, kisha aandike jina lake chini? La hasha! Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 huhesabu ramani miongoni mwa kazi za sanaa, na mikusanyo ya data miongoni mwa kazi za maandishi. Huruhusu matumizi ya haki kwa utafiti na kwa mtu binafsi, mradi chanzo kitajwe. Kuchapisha na kusambaza ni jambo jingine.

Yamkini msomaji atauliza: nani anamiliki ukweli kwamba zahanati iko kando ya barabara ya Naivasha? Hakuna. Mwaka wa 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba majina na nambari zilizopangwa kialfabeti tu katika kitabu cha simu hazina hakimiliki. Umoja wa Ulaya nao, mwaka wa 1996, uliamua kumlinda aliyegharimika kukusanya data. Kwa hivyo, ukweli ni wa wote, ila jasho la aliyeukusanya na mkono wa aliyeuchora huweza kulindwa.

Basi mwalimu wetu ana njia mbili za halali. Ya kwanza ni kutoka darasani na wanafunzi wake, wakatembea na kujionea. Ya pili ni kutumia OpenStreetMap. Leseni yake ya tangu mwaka wa 2012 humruhusu yeyote kuitumia, hata kwa biashara, kwa masharti mawili makuu: awataje wachangiaji wake, na akiziboresha data hizo na kuzisambaza, azitoe kwa masharti yayo hayo. Aidha, ni mwiko kuingiza humo data zilizonakiliwa kutoka ramani zenye hakimiliki, kwani zikigunduliwa hufutwa, na kazi ya wengine huvurugika pamoja nazo.

Mara nyingi tumezoea kudhani kwamba kitu cha bure hakina mwenyewe. Vijana waliokanyaga matope ya Kibera hawakutoza ada. Kuwataja ndiyo malipo pekee tunayodaiwa. Waama, mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.