Mubambiro: Kugawana sistemu ya simu iliyobadilishwa, ni haki ao ni wizi?

Mubambiro, karibu na Sake wilayani Masisi, simu ya mkononi ni zaidi ya chombo cha kuongea. Ndiyo mfuko wa pesa. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money ndizo zinapokea msaada wa ndugu walio mbali, hasa tangu benki za Goma zilipofungwa baada ya M23 kuingia mjini humo Januari 2025. Simu inapokwama, mwenyewe huipeleka kwa fundi, na mara nyingi dawa ni moja: kufuta sistemu ya zamani na kuweka nyingine.

Sistemu hiyo nyingine inaweza kuwa imebadilishwa na vijana wapenzi wa kompyuta, waliopunguza uzito wake ili simu ya zamani iende mbio. Kwa kuwa mega ni ghali, hupitishwa kwa fleshi, kadi memori ao Bluetooth, mkono kwa mkono. Inapofika mezani kwa fundi, jina la aliyeiandika limekwisha kupotea. Je, fundi ana haki ya kuigawa? Na ikiharibu simu ao kuiba pesa, nani atajibu?

Kisa kinachofundisha zaidi kilitokea mwaka 2009. Mmarekani Steve Kondik alikuwa ametengeneza CyanogenMod, sistemu iliyojengwa juu ya Android, na kuigawa bure. Septemba mwaka huo Google ilimwandikia barua kumtaka asimamishe. Kosa lake halikuwa kubadilisha Android, maana Google yenyewe iliufungua msimbo huo kwa watu wote. Kosa lilikuwa kuweka ndani yake Gmail, YouTube, Maps na duka la programu, ambazo ni mali ya Google na hakuwa na ruhusa ya kuzigawa. Kondik aliziondoa, na watumiaji wakawa wanahifadhi kwanza nakala za programu zilizokuja na simu zao, kisha kuzirudisha. Kazi yake iliendelea hadi Desemba 2016, na LineageOS ikashika nafasi yake.

Kwa hiyo ndani ya simu moja kuna vitu vyenye wenyewe tofauti. Kiini cha Android ni Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 na kugawanywa kwa leseni inayoitwa GPL. Leseni hiyo inaruhusu mtu yeyote kutumia, kubadilisha, kugawa na hata kuuza. Lakini ina masharti: anayegawa atoe pia msimbo, aache majina ya waandishi, aonyeshe alichobadilisha, na asiwanyime wengine uhuru aliopewa yeye. Masharti hayo si mapambo. Mwaka 2004 mahakama ya Munich, Ujerumani, iliyathibitisha katika kesi dhidi ya kampuni ya Sitecom, iliyogawa programu yenye leseni hiyo bila kuyafuata.

Nchini Kongo, sheria ya haki za mwandishi ni ile ya tarehe 5 Aprili 1986, iliyoandikwa miaka 5 kabla ya Linux kuzaliwa. Mkataba wa Shirika la Biashara Ulimwenguni unalinda programu za kompyuta kama maandishi ya vitabu, lakini nchi maskini zaidi, Kongo ikiwemo, zimepewa muda hadi tarehe 1 Julai 2034 kuutekeleza. Kanuni ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 nayo inahusu zaidi biashara na uhalifu wa mtandaoni. Kwa ufupi, ni vigumu kufikiri kwamba fundi wa Mubambiro atapelekwa mahakamani kwa sababu ya sistemu aliyoinakili. Kinachobaki ni dhamiri yake na imani ya mteja.

Na hapo ndipo hatari inapoonekana. Agosti 2021, kampuni ya usalama Kaspersky iligundua virusi vya Triada ndani ya FMWhatsApp, toleo la WhatsApp lililobadilishwa na watu wengine. Virusi hivyo viliweza kushusha programu nyingine bila mwenye simu kujua, na hata kumwandikisha katika huduma za kulipia. Oktoba 2022, kampuni hiyo ilisema YoWhatsApp nayo ilikuwa ikiiba funguo za akaunti. Matoleo ya namna hiyo hutolewa bila idhini ya mwenye programu, na mtumiaji hana namna ya kusoma kilichoongezwa ndani.

Ndiyo maana sharti la kutoa msimbo linamlinda pia mtumiaji wa mwisho, si mwandishi peke yake. Sistemu ambayo msimbo wake unaonekana inaweza kukaguliwa na wengine wenye ujuzi. Ile iliyofichwa haikaguliki kwa urahisi.

Kwa mama anayeacha simu yake kwa fundi, maswali matatu yanatosha: sistemu hii imetoka wapi, nani aliibadilisha, na kuna nini kilichoongezwa? Fundi asiyeweza kuyajibu anaweka ndani ya simu ya mteja kitu ambacho yeye mwenyewe hakijui. Na katika simu hiyo ndimo zilimo pesa za chakula cha familia.