Pumzi ya mgonjwa ni amana

Kila sifa njema inamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyetujaalia pumzi usiku na mchana bila ya kutudai thamani yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake wote.

Ndugu Waislamu, katika Surat Al-Qasas, aya ya 26, tunasimuliwa jinsi binti wa yule mzee wa Madyan alivyomshauri baba yake amwajiri Nabii Musa (A.S.). Alitaja sifa mbili za mwajiriwa bora: nguvu na uaminifu. Wanazuoni wameeleza kwamba nguvu hubadilika kulingana na kazi. Nguvu ya mchungaji imo mwilini, na nguvu ya tabibu ni elimu yake.

Tuizingatie kazi moja isiyojulikana sana kwetu. Nchini Marekani wako matabibu wa upumuaji, ambao si madaktari wala wauguzi, bali wana taaluma yao wenyewe. Kwa maagizo ya daktari, humpa mgonjwa wa pumu dawa ya kuvuta, hupima oksijeni iliyomo katika damu, huondoa makohozi yanayoziba mrija wa kupumulia, na huongoza mashine inayompumulia mgonjwa mahututi. Mgonjwa huyo hawezi kusema wala kulalamika. Uhai wake umewekwa mikononi mwa mtu asiyemjua.

Huenda msomaji akauliza: je, hewa nayo yaweza kudhuru? Naam, yaweza. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, watoto njiti walipewa oksijeni nyingi kwa nia ya kuwaokoa, na maelfu yao wakapofuka kabla ya sababu kubainika. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliohusu wagonjwa 861 wa mashine ambao mapafu yao yalikuwa yameumia vibaya. Kundi moja lilipewa pumzi kubwa ya mililita 12 kwa kila kilo ya uzito unaolingana na kimo cha mtu, na karibu asilimia 40 walifariki. Kundi lililopewa mililita 6 tu, waliofariki walikuwa asilimia 31. Surat Ar-Rahman inatuamrisha tusidhulumu katika mizani. Na pumzi nayo ina mizani yake.

Kwa ajili hiyo, huruma peke yake haikutosha. Jimbo la California lilitunga sheria ya taaluma hii mwaka 1982, na leo majimbo 49 kati ya 50 yanadai leseni. Alaska ndiyo pekee isiyodai. Mwombaji husoma chuo kilichoidhinishwa kwa muda usiopungua miaka miwili, kisha hufanya mtihani wa taifa. California humchukua pia alama za vidole ili ijulikane kama amewahi kuhukumiwa kwa uhalifu. Leseni huwa na muda maalumu, na ili kuihuisha lazima aendelee kusoma. Hapo tunaziona zile sifa mbili za Madyan: nguvu hupimwa kwa mtihani, na uaminifu huchunguzwa kadiri binadamu awezavyo.

Jambo hili si geni katika historia yetu. Mwaka 319 Hijria, sawa na 931 Miladia, mtu mmjoa alifariki mjini Baghdad kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akaamuru asitibu mtu yeyote ila aliyepimwa na Sinan bin Thabit na kupewa idhini kwa maandishi. Waliopimwa walizidi 860. Wanahistoria wanasimulia kwamba alikuja mzee mwenye haiba, akakiri kuwa hajui kusoma wala kuandika vizuri, na ya kwamba familia yake inaitegemea kazi hiyo. Sinan alimruhusu kwa sharti kwamba asiguse ugonjwa asioujua. Idhini yake, basi, ilikuwa na mpaka.

Na Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, An-Nasai na Ibn Majah inatufundisha kwamba anayejitia utabibu bila ya kujulikana kwa elimu hiyo hubeba dhamana ya madhara anayoyaleta. Nia njema haimwondolei dhamana hiyo.

Ndugu zangu, hapa Afrika Mashariki, katika hospitali nyingi, kazi hii hufanywa na wauguzi na wataalamu wa nusukaputi pamoja na majukumu yao mengine. Tuwaheshimu. Tunapomuuguza jamaa yetu, tusifungue mtungi wa oksijeni zaidi ya kipimo kilichowekwa kwa kudhani tunamsaidia. Tumwite mwenye ujuzi. Na kijana anayesomea uuguzi au utabibu, kisha akanunua majibu ya mtihani au kughushi cheti, ajue kwamba anaiba nafasi ya kuaminiwa na mtu ambaye hatakuwa na uwezo wa kumuuliza lolote. Mgonjwa huyo akinyamaza kitandani, hatanyamaza Siku ya Kiyama.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na awape wanaowahudumia elimu yenye manufaa na uaminifu. Amin.

Wabillahi tawfiq.