Kunepa, Kubonyea na Kudidimia

Katika nyumba za kale za Mji Mkongwe, Unguja, sakafu ya ghorofani hujengwa kwa mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko. Boriti zikiliwa na mchwa au zikielemewa na uzito, hupinda, na sakafu hushuka katikati. Hali hiyo twapendekeza iitwe kunepa. Kubonyea ni kuingia ndani kwa mahali palipogandamizwa; kudidimia ni kuzama kwa ardhi au msingi. Tofauti hii si ya maneno matupu. Fundi aliyeandikiwa "imedidimia" ataanza kuchimbua msingi. Aliyeandikiwa "imenepa" atatia gadi chini ya boriti kwanza, ndipo abadilishe zilizoharibika. Mfasiri akikosea neno, wakaao chini ndio watakaoangukiwa.