Bustani Katikati ya Mawe

Mama mpendwa, wengi wetu tunaoishi Kirumba hatukuzaliwa hapa. Tumewafuata waume zetu, kazi, au biashara ya samaki pale Mwaloni, na kila mmoja amekuja na kilimo cha kwao. Tunapotembelea nyumba za jirani, sisi wauguzi na akina mama wa kanisani huulizwa swali moja: kwa nini mboga zinakauka na ziwa lipo hapo karibu?

Ziwa ni moja, lakini mvua si moja. Pepo huchukua unyevu na kuumwaga zaidi upande wa magharibi. Bukoba hupata kama milimita 2,000 kwa mwaka. Mwanza hupata karibu nusu yake. Hapa vuli hunyesha Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei. Juni hadi Septemba ni kiangazi kikali.

Udongo nao ni mwingine. Vilimani ni mchanga uliotokana na mawe haya haya. Wasukuma huuita luseni. Maji hupita upesi, na mawe yaliyoshika joto la mchana huendelea kulitoa hata usiku.

Tufanyeje basi?

Chimba kitanda cha mboga kiwe chini kidogo ya usawa wa njia, ili maji yabaki. Changanya samadi iliyooza vizuri, kisha tandaza majani makavu juu. Mwagilia alfajiri au jioni. Asiye na kiwanja ajaze udongo na samadi kwenye gunia.

Waulize bibi zetu wa Kisukuma wapande nini. Watakutajia mgagani, matembele, kunde na majani ya maboga. Mboga hizi huvumilia jua kuliko kabichi. Mchicha huchumwa baada ya wiki 3 au 4. Majani ya kunde yakizidi hukaushwa kwa ajili ya kiangazi. Yaanike kivulini, maana jua kali huharibu vitamini A.

Jikoni tia mafuta kidogo au karanga. Vitamini A, inayolinda macho ya watoto, huhitaji mafuta ili mwili uipokee. Kamua limao mezani, na chai isubiri, kwa sababu huzuia madini ya chuma yanayojenga damu.

Angalizo kuhusu maji

Mama, usimtume mtoto kuingia ziwani kuchota maji ya bustani. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono na kupenya ngozi, na ugonjwa huo ukikaa muda mrefu huharibu ini. Mtoto mwenye maumivu ya tumbo au damu katika choo apelekwe kituo cha afya, dawa ipo. Tumia maji yaliyosuuza mboga au vyombo. Kama ni lazima kutumia ya ziwa, mtu mzima ayachote akiwa amevaa buti za mpira, yakae siku 2 ndani ya pipa lisilo na konokono, lililofunikwa ili mbu wasizaliane.

Wala tusilime ukingoni kabisa. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ufukweni ziachwe, na mwaka 2020 ziwa lilipofurika wengi waliona maji yalikofika.

Kwa hiyo mwezi wa Septemba andaeni samadi na vitanda. Mvua ya kwanza ya vuli ikute mbegu ziko tayari.