Presha ya jicho ikiwa ‘sawa’, uliza pia unene wa konea

WAFANYABIASHARA wengi waliovuka miaka 40 hununua miwani ya kusomea sokoni, wakaanza kuona vizuri tarakimu za ankara, na habari ya macho ikaishia hapo. Wachache hupimwa presha ya jicho. Wakiambiwa ni 18, huondoka na amani, kwa kuwa kiwango cha kawaida ni kati ya 10 na 21.

Amani hiyo huenda isiwe na msingi. Glakoma, ugonjwa ambao wengi huuita presha ya macho, huharibu mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo. Jina hilo limewafanya watu waamini kuwa presha ikiwa sawa, ugonjwa haupo.

Aina ya glakoma iliyoenea zaidi haiumi wala haiwashi. Huanza kula pembeni mwa eneo la kuona: mtu anahesabu noti bila shida, lakini hamwoni mwendesha bodaboda anayetokea ubavuni. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji na uoni ukarudi, lakini kilichopotea kwa glakoma hakirudi.

Tatizo hili lipo kwetu. Utafiti wa vijijini wilayani Kongwa, Tanzania, uliochapishwa mwaka 2000, uliwapima watu 3,268 wenye miaka 40 na zaidi. Karibu wanne katika kila 100 walikuwa na glakoma.

Kwa nini namba ya presha hupotosha? Presha hupimwa kwa kubonyeza konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho. Kipimo cha Goldmann, kinachotumika tangu miaka ya 1950, kiliundwa kwa kukadiria konea yenye unene wa mikromita 520, takriban nusu milimita. Ni kama kubonyeza tairi kwa kidole: mpira mnene huonekana mgumu hata upepo ukiwa kidogo. Vivyo hivyo, konea nene huweza kuipandisha namba, na nyembamba kuishusha chini ya presha halisi.

Mwaka 2002, watafiti nchini Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu 1,636 waliokuwa na presha ya juu bila madhara ya glakoma. Wenye konea ya mikromita 555 au pungufu walikuwa na hatari ya kupata glakoma takriban mara tatu ya wale waliozidi 588. Wamarekani weusi katika kundi hilo walikuwa, kwa wastani, na konea nyembamba kuliko wenzao.

Konea nyembamba si ugonjwa, wala hakuna hesabu moja ya kuaminika ya kurekebisha namba ya presha. Ndiyo maana daktari hulazimika pia kuutazama mshipa wenyewe nyuma ya jicho na kupima eneo la kuona.

Kupima unene wa konea huchukua dakika chache. Kwa mtu mzima, unene huo haubadiliki sana, hivyo kipimo kimoja kikiandikwa hufaa kwa muda mrefu. Anayepimwa Arusha leo na Nairobi mwaka ujao abebe kumbukumbu zake kama anavyobeba hati za mzigo. Wenye mzazi au ndugu wa damu mwenye glakoma, na waliotumia matone ya steroidi kwa muda mrefu, wasichelewe.

Ugonjwa ukigunduliwa mapema, huweza kuzuiwa usiendelee. Matone hutakiwa kila siku, jambo gumu kwa mtu wa safari, lakini ipo njia nyingine. Utafiti uliofanyika hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja, tiba ya mwanga wa leza ilifaulu kwa asilimia 61 ya macho yaliyotibiwa, dhidi ya asilimia 31 kwa matone ya timolol.